Upande wa Bwana Harusi

Hilda Sugden hakuwa na neno na kazi ya mkwe wake mtarajiwa. Mji mzima wa Todmorden ulijua kwamba Ambrose husafiri kwenda juzi na mtondogoo kwa lile banda lake la bustani, lililoegeshwa nyuma ya vitunguu vya watu, na kwamba ameshaiokoa dunia mara kadhaa, mojawapo wiki ijayo. Hayo yake. Kilichomkera ni kwamba mtu mzima, mvi zimeshaingia, hana hata binamu wa kusingizia.

Alipokuja kuposa, Hilda alioka keki ya tangawizi, akamkatia kipande kinene, kisha akamuuliza habari za kwao. Ambrose akatazama dari. Akasema wapo, wengi wao wazima, ila kuwapata siku moja ndiyo kazi. Hilda akajifanya anafuata maziwa, akaenda kusimama kwenye sinki na kutafuna ule ukingo wa keki ulioungua kidogo. Huo alikuwa hamgawii mtu, hata marehemu mumewe hakuwahi kujua kama anaupenda. Aliporudi mezani alisema lililokuwa moyoni.

“Mtu haoti kama uyoga, baba. Ndugu zako wasipokuja kanisani, na mimi hamnioni.”

Rosalind, binti yake wa pekee, alimwambia ana makuu. Makuu yako wapi! Hilda alikuwa na hofu tu. Siku Rosalind akiingia kwenye banda lile na mlango ukafungwa, utafunguliwa lini? Mume alishamzika. Akimpoteza na huyu, atabaki kumpikia chai paka. Asiye na kwao, aliwaza, atajuaje kurudi kwao?

Basi Jumamosi ya harusi ndugu wakaja, tena kwa kishindo. Mlangoni alisimama Clifford, kaka yake Hilda, akiuliza kila mgeni ni wa bibi harusi au wa bwana harusi, ili amwelekeze kushoto au kulia. Walitangulia wajomba wawili wanaofanana. Hilda akawasifia kwa kuzaliwa pacha, akaambiwa si pacha, ni mjomba mmoja aliyekuja mara mbili, na yule mkubwa hasemi na mdogo kwa jambo ambalo mdogo bado hajalifanya. Nyuma yao akaja msichana amempakata mtoto mchanga anayeota meno. Mtoto huyo ndiye babu yake Ambrose, mzaa baba. Hilda akamshika kidole akamwamkia, maana heshima ni heshima. Babu akacheua maziwa.

Mwisho akaingia bikizee mmoja na mkongojo, umri wake unakaribia tisini. Hilda, wa miaka sitini tu, akamwendea kwa adabu zote.

“Shikamoo, mama.”

Bikizee akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. “Hapana. Wewe usiniamkie.”

Hee! Hilda alihisi masikio yanamwaka. Leo kaamkia hadi mtoto wa kunyonya, halafu huyu anamrudishia salamu kama sahani chafu. Ndio ukoo wenyewe huu? Akaenda kuketi kiti cha mbele, mdomo ameubana, na tayari anajutia kuwadai ndugu hawa.

Lakini bikizee hakukaa. Alisimama katikati ya kanisa, hana kushoto hana kulia. Clifford alimuuliza ni wa upande gani, akajibu wa pande zote. Clifford akamweleza kwa upole kwamba kiti cha pande zote hakuna, na mpiga kinanda anasubiri. Shingo za watu zikaanza kugeuka. Hilda akainuka.

“Mama, kama sisi hatukufai, kaa kwa watu wako tumalize.”

Bikizee alimtazama, machozi yakamlengalenga. Akaushikilia mkongojo kwa mikono miwili, akapiga goti, mifupa ikilia.

“Shikamoo, bibi.”

Hilda akageuka nyuma aone ni bibi gani anayeamkiwa. Hapakuwa na mtu.

“Ulikuwa ukinipa ule ukingo wa keki ulioungua,” bikizee akasema kwa sauti ndogo. “Mimi na wewe, pale kwenye sinki. Ukaniambia nisimwambie mtu, na sijamwambia hadi leo.”

Ndipo Hilda alipoiona ile pua. Ilikuwa pua ya Wilfred, marehemu mumewe, imekaa pale usoni bila aibu. Alitaka kuuliza mengi, lakini lililomtoka lilikuwa moja tu.

“Mama yako alikuwa anakuja kuniona?”

“Kila Jumapili, bibi. Nyingine tulikuja mara mbili, baba akikosea tarehe. Ukagomba kwamba nyama haitatosha.”

Hilda alimwinua. Akatoa leso mkononi mwa sweta, akampangusa bikizee pua kwa nguvu kidogo, kisha akamfunga kifungo cha koti kilichokuwa wazi. Kwenye kiti cha mbele kulikuwa na nafasi aliyoiacha kwa heshima ya Wilfred, kaweka mkoba wake hapo mtu asipakalie. Akauondoa mkoba.

“Marahaba, mjukuu wangu,” alisema, na sauti ikamkatika. “Kaa vizuri. Mama yako anaingia.”