Safu ya Mwisho Kulia

Hyasinti alipomaliza kuipanga injini ya lile Subaru la bluu, Mbinga nzima ilijua, kwa sababu aliitangazia mwenyewe. Alianza na muuza chipsi, akapita stendi, akamalizia nje ya kanisa watu wakitoka mazoezi ya kwaya.

"Injini hiyo," alisema, "ukiikanyaga, hata ng'ombe wanasimama kutoa heshima."

Gari lilikuwa la Hamidu, muuza vitenge wa Mbamba Bay, kule chini ziwani, kijana mwenye ndevu zilizochongwa kwa uangalifu kuliko bustani ya masista. Alikuwa amejiandikisha kwenye mbio za Jumapili: magari yaondoke ufukweni, moja moja, yapande milima mpaka Mbinga, barabara ikiwa imefungwa. Hamidu alikuwa na gari, alikuwa na kofia ngumu, na kelele alikuwa nazo za kutosha. Alichokosa ni fundi wa kudumu.

"Ikipanda vizuri, kazi ni yako, tutazunguka nchi nzima," alimwambia Hyasinti. "Ikinifia njiani, rudi kwenye bodaboda zako."

Hyasinti alikuwa akifungua na kufunga bodaboda tangu amalize kidato cha nne. Injini za turbo alijifunza mwenyewe, kwa laptopu iliyobeba stika nyingi kuliko herufi zinazobonyezeka. Kazi ya Hamidu aliitaka mpaka akawa anaiota, na kwenye ndoto alikuwa tayari ana ovaroli yenye jina lake mgongoni.

Kazi yenyewe haihitaji spana. Injini ya namna hiyo ina kompyuta, na ndani ya kompyuta mna jedwali linaloiambia kila plagi irushe cheche wakati gani. Mistari ya kwenda chini ni mwendo wa injini. Safu za kwenda kulia ni uzito wa hewa ambayo turbo imeisukuma ndani. Kila kijumba kina namba yake. Ukiiwahisha cheche kidogo, gari linapata nguvu. Ukiiwahisha mno, moto unaisukuma pistoni chini wakati yenyewe bado inapanda, injini inagonga, na pistoni ikigongwa sana inatoboka kama chapati iliyosahauliwa jikoni.

Jedwali hilo Hyasinti alilielewa kwa namna ya kwao. Alikulia Litembo, kwenye mteremko wa mama yake uliojaa ngoro, yale mashimo yanayochimbwa mlima mzima yakapangana kama sega la nyuki, na alijua kwamba shamba la namna hiyo unalilima shimo kwa shimo. Basi akaenda kijumba kwa kijumba, kwenye kipande kilichonyooka nje ya mji, hedifoni masikioni zikimletea sauti ya ndani ya injini, akiongeza digrii hapa, akipunguza pale, mpaka gari likawa linavuta bila kunung'unika.

Safu ya mwisho kulia tu ndiyo hakuilima. Injini ilikataa kufika huko. Hata akikanyaga mpaka mguu utake kutokea upande wa pili, alama kwenye laptopu ilikomea safu ya jirani. Kwa hiyo akafanya ambalo mvivu yeyote mwenye akili angefanya: akazinakili namba za jirani, akazibandika kulia, akafunga laptopu. Kama gari haliendi huko, za nini kusumbuka?

Ijumaa Hamidu akalishusha gari kwao taratibu, kwa kuwa kushuka mlima hakuhitaji turbo. Jumamosi asubuhi Hyasinti akafuata kwa Hiace, begi la laptopu mapajani, akiwa amejiandaa kupokea sifa.

Waandaaji walikuwa wamefunga kipande cha chini cha barabara mpaka saa sita, watu wajaribu magari. Hyasinti akaingia kiti cha abiria, akavaa hedifoni, akamwambia Hamidu, "Kanyaga, kaka. Usiionee huruma."

Hamidu akakanyaga. Turbo ikapiga mluzi, migongo ikagandana na viti, na hapo ndani ya hedifoni Hyasinti akasikia kama mtu amemwaga maharage makavu kwenye debe.

"Acha! Acha mafuta!"

Hamidu akaachia. "Nini?"

"Inagonga."

"Inagonga nini? Si ulisema ng'ombe watasimama?"

"Geuza, turudi."

Wakarudi mpaka kituo cha mafuta cha Adija, ambako nusu ya Mbamba Bay ilikuwa imejipanga kuangalia magari. Adija ni shangazi yake Hamidu, mwanamke mnene mwenye mtandio wa zambarau, ambaye babu yake alitoka Kilwa na ambaye kituo kile alikijenga pampu moja baada ya nyingine. Hyasinti hakumwona. Aliona pampu tu, na pampu zikampa wazo.

"Haya ndiyo matatizo ya kuwapa watu wa ziwani gari la maana!" akapaza sauti akifungua boneti. "Mafuta gani haya mnauza? Haya ni maji ya kuchemshia hao dagaa wenu, usipa! Injini ilikuwa inaimba kama kwaya, imekunywa mafuta ya huku, sasa inakohoa!"

Watu wakacheka, kwa kuwa mtu wa milimani kuwatukana watu wa ziwani ni jambo la kila siku, na jibu lake huwa liko tayari. Lakini safari hii wote walimgeukia Adija.

Hamidu alikuwa anakuna ndevu. "Fundi," akasema polepole, "hapa sijajaza bado. Hayo yaliyomo nilijaza Mbinga. Kwenu."

Kituo kizima kililipuka. Mwendesha bodaboda mmoja alicheka mpaka akashuka kwenye pikipiki. "Wamatengo wa milimani wamejikohoza wenyewe!" akapiga kelele.

"Shikamoo, shangazi," Hyasinti akasema, kwa sauti iliyokuwa imepungua ghafla.

"Marahaba, mwanangu," Adija akajibu kwa upole mbaya kabisa. "Endelea. Ulikuwa unasema kuhusu usipa."

Hyasinti akafunga boneti. Akachukua begi lake, akaenda kukaa nyuma ya kituo kwenye kivuli cha tangi la maji. Hamidu akamfuata, na sasa uso wake haukuwa na utani.

"Sikiliza. Naweza kupanda nayo hivyo hivyo kesho?"

Hapo Hyasinti angeweza kusema ndiyo. Huenda gari lingefika. Huenda pia lingetoboka pistoni kwenye kona ya tatu, mbele ya kamera za simu za wilaya mbili.

"Hapana," akasema. "Ukipanda hivi unaiua. Nipe muda."

"Muda upi? Saa sita wanafungua barabara."

"Basi nipe huo uliopo, na usinisimamie kichwani."

Hamidu akaondoka. Hyasinti akafungua laptopu na kutazama njia ambayo injini ilikuwa imepita kwenye jedwali wakati wa kugonga. Nukta zilianza vizuri, zikapita alikolima, kisha zikaenda moja kwa moja kulia, mpaka kwenye safu ya mwisho. Ile ya kubandika.

Kule juu alikanyaga wiki nzima bila kufika huko, huku chini gari limefika kwa kugusa tu. Turbo ni ile ile, mafuta ni yale yale. Akaingiza mkono kwenye begi kutafuta maji, akatoa chupa tupu. Maji aliyamaliza stendi ya Mbinga, akaifunga kizibo na kuitia begini ikiwa nzima. Sasa mbavu zake zilikuwa zimebonyea ndani, kama mtu aliyekamatwa kiuno na mkwe mwenye nguvu.

Hakuna aliyeikalia. Hyasinti aliigeuza mara mbili, akajipiga kofi la paja.

"Hewa!" akasema peke yake. "Pumbavu mimi, ni hewa!"

Hewa ya Mbinga ni nyepesi, ya ziwani ni nzito, nayo ndiyo iliyoibana chupa. Jambo hilo alilifundishwa kidato cha pili, akalijibu kwenye mtihani, akalisahau siku hiyo hiyo. Turbo huongeza presha yake juu ya hewa inayoikuta. Ikikuta nyepesi, inakomea safu ya jirani. Ikikuta nzito, inaingia safu ya mwisho, ambako hewa iliyoshindiliwa zaidi inataka cheche ichelewe zaidi, na yeye alikuwa ameiwekea cheche za kwao. Alilima nusu ya juu ya mlima, na mbio zilikuwa zinaanzia nusu ya chini.

Akasimama, akarudi moja kwa moja mpaka mbele ya Adija.

"Shangazi, mafuta yako hayana kosa. Kosa ni langu."

Adija akaweka mkono sikioni. "Sisikii. Matusi niliyasikia nikiwa ofisini, feni ikiwa inazunguka. Sema kwa sauti ile ile."

Hyasinti akavuta pumzi. "MAFUTA YA SHANGAZI ADIJA NI MAZURI! ALIYEKOSEA NI FUNDI!"

"Na fundi ni nani?" akadakia yule wa bodaboda.

"FUNDI NI MIMI! MMATENGO WA LITEMBO!"

Wakapiga makofi kama kwenye harusi. "Sasa nenda kafanye kazi," Adija akasema. "Ukimaliza utakula samaki wa mbasa kwangu, na nitakaa hapo mpaka nione umetafuna kichwa."

Safari ya kwanza Hyasinti aliichelewesha cheche ya safu ya mwisho kwa digrii nyingi. Hedifoni zikanyamaza, ila gari likawa zito.

"Unaniharibia," Hamidu akalalamika. "Hili sasa ni gari la maziko."

"Subiri. Nimeizima kelele kwanza. Sasa naanza kuirudisha taratibu."

Wakarudi chini, akaongeza digrii moja, wakapanda. Akaongeza nyingine, wakapanda. Kila safari alisikiliza kwa macho yaliyofumbwa, midomo ikihesabu bila sauti, na kila safari viti vilizidi kuwakumbatia. Kisha ikaja safari ambayo nguvu haikuongezeka, na kwa mbali sana, punje moja ya haragwe ikaanguka kwenye debe. Akarudisha digrii mbili nyuma.

"Ongeza bwana, bado inataka," Hamidu akasihi.

"Haitaki. Wewe ndiye unataka. Kanyaga sasa."

Hamidu akakanyaga, na Subaru likaruka mbele hivi kwamba kofia yake ilimshukia machoni. Cheche zilikuwa nyuma kuliko za Mbinga, lakini hewa nzito ilikuwa inajaza injini mpaka kooni. Alicheka peke yake mpaka mwisho wa kipande. Walinzi wa barabara walikuwa wanaondoa kamba.

"Sawa," akasema. "Lakini kesho unakaa hapo hapo ulipo. Kama unaivunja, tuivunje wote."

"Kofia yangu iwe ya saizi yangu tu."

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, walipanda. Kona zilikuja kama matusi, moja haijaisha nyingine imeanza. Hyasinti, vipokea sauti chini ya kofia, hakuziangalia. Aliangalia nukta kwenye laptopu iliyofungwa kwa mikanda mapajani. Zilianza kulia kabisa, na kadiri ziwa lilivyozama nyuma yao zilikuwa zinahamia kushoto pole pole. Ndani ya hedifoni hakukuwa na punje hata moja. Katikati ya mlima alijikuta anaimba.

Walimaliza wa pili, nyuma ya gari jeupe la Songea.

"Wa pili!" Hamidu akarusha glavu zake. "Kwa sekunde za kupiga chafya!"

"Hizo sekunde ziko kwenye kona zako, kaka. Injini yangu ilikuwa inakungoja."

Hamidu akamkazia macho. Kisha akacheka, akaiokota glavu moja, akampiga nayo begani. "Sawa, fundi wangu. Mwezi ujao kuna mashindano Tanga. Tunakwenda."

"Tanga ni usawa wa bahari," Hyasinti akasema. "Chini kuliko kwenu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunawatangulia wenzetu, nikailime upya safu ya mwisho. Na mwambie shangazi atufungie mbasa wa njiani, ila kichwa safari hii ule wewe."