Kizimba Kisichofagiwa

Bahati haifagiwi. Ndivyo alivyosema mganga kutoka Masumbwe siku alipoleta tumbili wawili kwenye duara la Mageni, shimo lake la dhahabu pale Nyarugusu, na wanaume wazima wenye ndevu wakaitikia. Kizimba kisiguswe na ufagio. Kinyesi kikikauka kisagwe, na kila mchimbaji alambe kidogo kabla ya kushuka shimoni. Wakalamba! Mwenye njaa ya dhahabu, mwambie alambe kaa la moto, atakuuliza aanzie upande gani.

Jenifa, aliyewapikia wachimbaji hao ugali na dagaa jirani na kizimba, alichukia jambo hilo tangu mwanzo. Uvundo ulimharibia hata chai. Lakini mumewe, Meshack, ndiye aliyeshika winchi ya duara, na kibarua ni cha Mageni. Akaendelea kupika.

Tumbili jike alitangulia kufa, akiharisha damu. Alois, bwana mifugo, alikuwa akipita na pikipiki yake; akampasua, akakuta utumbo umejaa minyoo. Akasema wanyama wanakula na kulala juu ya mavi yao wenyewe, kwa hiyo kizimba kisafishwe na dume anyweshwe dawa upesi. Mageni alimshika ukosi akamsukuma hadi barabarani.

"Nenda kachanje kuku," alimwambia.

Meshack alikuwa na moyo mwepesi wa huruma, na huruma machimboni ni ugonjwa. Mchana wenzake walipokuwa wakila, alichukua ufagio wa mkewe akaingia kizimbani. Jenifa alimsihi aache.

"Mama Noela, anakufa tunamwangalia tu," alijibu, akaendelea kufagia.

Dume naye alikuwa amekwisha kuharibika ndani. Asubuhi walimkuta amelala chali, na mchanga wa kizimba una mistari ya ufagio.

"Nani kafagia bahati yetu?" Mageni alinguruma.

Meshack hakujua kudanganya hata kidogo. "Ni mimi, bosi."

Mpini wa sululu ulimpata mdomoni. Alipoanguka, wengine wakamvamia kwa mateke na mawe. Jenifa aliwajua wote, maana alikuwa akiwapa uji wa mkopo. Onesmo, ambaye Meshack alimvuta kwa mikono yake siku duara lilipotitia, ndiye aliyekuwa akimkanyaga mbavu. Jenifa alimrukia mgongoni, akatupwa pembeni.

"Leteni petroli!" Mageni alisema. "Mchawi hazikwi mzima."

Mmoja akakimbilia kwenye jenereta. Jenifa aliona wazi kwamba wanakwenda kumchoma baba wa mwanawe, na kwamba machozi hayatazima moto huo. Akanyakua kisu chake cha kukatia nyama, akamburuta tumbili kutoka kizimbani, akampasua tumbo mbele yao na kumwaga utumbo miguuni mwao. Minyoo myeupe ilikuwa bado inajinyonganyonga kwenye damu.

"Hiyo hapo bahati yenu!" alipiga kelele. "Hiyo ndiyo mnayolamba kila asubuhi!"

Mateke yakakoma. Onesmo alishika tumbo lake, ambalo lilikuwa likimkata na kumtoa damu chooni, naye akificha kwa aibu. Alipowatazama wenzake aliwaona nao wameshika matumbo.

"Gashinaga!" alisema. Kumbe! Mwingine akainama akatapika.

Kisha Onesmo akamgeukia Mageni. "Bosi, mbona wewe hatujawahi kukuona ukilamba?"

Mageni alitupa mpini wa sululu. Alikimbia, wakamkamata kwenye winchi, na mpini uleule ukamvunja goti. Kwa watu hawa hasira haipotei. Inabadilisha tu mtu wa kumwangukia.

Jenifa alimwinua Meshack kichwa akakilaza mapajani. Meno ya mbele hayakuwepo na jicho moja lilikuwa limefumba, lakini alikuwa anapumua. Jenifa alimshukuru Mungu kwa sauti, akimfuta damu kwa upindo wa khanga.

"Mama Noela!" Mageni alilia kutoka chini ya miguu ya watu. "Waambie! Wewe watakusikiliza!"

Ilikuwa kweli. Wangemsikiliza. Onesmo alikuwa hata amegeuka kumtazama, kama anayesubiri neno lake, na aliyetumwa petroli alikuwa amerudi na dumu mkononi.

Midomo ya Meshack ilicheza. "Wazuie," alinong'ona.

"Usiongee, baba Noela, utajiumiza," Jenifa alisema kwa upole, akavuta khanga akamziba masikio.