Marashi ya Kobalti

Chuo kilipofungwa kwa sababu ya mgomo, Zeituni alirudi kwao Matungu na utafiti wake mkobani: vipande vya kioo, na maji ya madini ya kobalti yenye rangi ya waridi, mazuri mpaka unatamani kuyanusa. Kumbe sumu.

Kipulizio cha maabara kilibaki Nairobi. Basi akamwaga marashi ya mama yake kikombeni, akatia kobalti katika chupa ile ile ya kupuliza. Hakubandika karatasi yoyote. Kwani chupa ya nyumbani huandikwa jina?

Mchana akaketi uani, kioo juu ya bati la moto. Alipuliza kidogo, akangoja. Akapuliza tena, akangoja. Kila tone lilikauka likiacha utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, mweusi. Chuo kikifunguliwa angepitisha mwanga humo, na mwanga utakaomezwa ungemwambia elektroni zinaruka kimo gani. Aliziona kama wapangaji wasio na uzito, wakipanda ghorofa kwa ghorofa ndani ya utando, kimya kimya, naye akipanda nao, mwepesi, hana hata jina.

Aliingia ndani kuchukua makaa. Aliporudi, chupa haipo.

Akakumbuka. Leo ilikuwa akika, karamu ya kumwombea mtoto mchanga wa Nadia, jirani yao, na Aminah, mama yake Zeituni, haendi akika bila marashi.

Alikimbia pekupeku katikati ya miwa, na miwa haikwisha, kama mbio za ndotoni. Kaswida zilimjia kwa mbali, tamu, zikimbembeleza apunguze mwendo.

Aminah alikuwa ameinama juu ya kichanga Abu, kidole kwenye kipulizio.

"Mama, usipulize!"

"Haya, daktari wa vioo huyo," mwanamke mmoja akacheka. "Hata salamu hana!"

"Ni sumu! Marashi nilimwaga, nikatia dawa zangu!"

Kicheko kikakatika. Aminah alikuwa keshajipuliza yeye mwenyewe. Kwenye ncha ya mtandio wake, juu ya chetezo cha ubani, matone ya waridi yalikauka yakageuka buluu, buluu ya kupendeza kabisa, na hakuna aliyethubutu kuyagusa.

Zeituni alimwosha mama yake shingo kwa sabuni, ndoo mbili.

"Na macho ya mtoto, mwanangu?" Aminah alinong'ona. "Ungechelewa kidogo tu?"

Nadia alimbeba Abu akaingia chumbani, komeo likalia.

"Dada Nadia, nisamehe," Zeituni aliita mlangoni.

Mlango haukufunguliwa.