Samaki wa Bwana Minerval

Tonton Hubert alikuwa na kadi. Ukitaka kumjua Tonton Hubert anzia hapo, maana yeye mwenyewe alianzia hapo kila mahali, hata msibani. Kadi ya heshima, yenye muhuri wa wazungu, iliyosema kwamba yeye, karani wa kampuni moja ya pamba hapa Stanleyville, ni mutu ya maendeleo. Mji wetu ulikuwa bado unaitwa Stanleyville, nasema habari za mwaka wa 1957. Kadi aliiweka mfukoni upande wa moyo, na akija kwetu alitandaza leso juu ya kiti kwanza, ili suruali yake isiguse mahali tulipokalia sisi watu wa samaki. Nilimdharau tangu nikiwa mtoto, na sijaona sababu ya kuacha.

Alikuwa mdogo wake mama, ndiyo maana tulimwita Tonton, mjomba. Mama alipofariki, Papa alizidi kumheshimu, kana kwamba anamlipa marehemu. Papa yangu Lukumani ni Mugenia, wa kabila la wavuvi, mtu aliyesimama juu ya miti ya mitego katikati ya maporomoko miaka thelathini, maji yakinguruma chini ya miguu yake, na hakuogopa. Lakini mbele ya tai ya Hubert alinywea. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Mdogo wangu Basile alikuwa amemaliza koleji, sekondari ya mapadri, wa kwanza katika ukoo wetu wote. Kule Elisabethville serikali ilikuwa imefungua chuo kikuu mwaka uliotangulia, naye akaomba nafasi. Barua ikafika mwanzo wa Septemba, kurasa tatu za Kifaransa zilizopigwa mashine. Basile angeweza kuisoma akiwa amefumba jicho moja. Lakini Tonton alinyoosha mkono, na Basile akampa, kwa mikono miwili, akiinama. Kwetu barua ya ukoo haisomwi na mtoto mjomba akiwapo.

Basi Tonton akasoma kwa sauti ya padri, ukurasa mzima, huku Papa akitikisa kichwa kwa Kifaransa asichokielewa. Kisha akatufasiria. Kila mwanafunzi atakuwa na chumba chake, kitanda, meza na taa, na kitalipiwa kwa mwezi. Chakula kitaliwa katika ukumbi mmoja mkubwa, nacho kitalipiwa. Alete shuka nne, blanketi mbili, viatu vyeusi, pijama, na pete ya kufungia kitambaa cha kupangusia mdomo. Juu ya pete hiyo Tonton alihutubia nusu saa. Papa aliuliza kama ni lazima iwe ya dhahabu, na Tonton akacheka puani, akasema nikel inatosha. Niliapa moyoni kwamba siku moja nitamfunga mdomo kwa pete hiyo.

Halafu akafika mahali akakwama. Nilimwona.

"Bon," akasema. "Hapa banasema minerval inapaswa kutolewa mbele ya tarehe kumi na tano ya mwezi wa kumi. Ikipita ile siku, nafasi banapatia mwingine."

"Minerval iko nini?" Papa akauliza.

Tonton akakunja barua. "Haiko kitu. Iko mutu."

Akaendelea bila hata kupepesa macho. Musyé Minerval ni mzungu mkubwa anayepokea wanafunzi kule Elisabethville. Yeye Hubert anamjua vizuri sana, walikunywa bia pamoja alipopita hapa. Ndiyo maana imeandikwa hivyo: Minerval lazima apewe chake kwanza. Na bahati nzuri, Minerval mwenyewe atapita tena Stanleyville mwezi huu kwa mashua ya kutoka mji mkuu, Leo. Hakuna haja ya posta. Yeye Hubert atampa mkononi, donc, mtoto atakuwa ameshika nafasi.

Usitucheke. Pale bandarini tulikuwa na mzungu aliyeitwa Duval. Minerval, kwa masikio yetu, angeweza kuwa kaka yake. Na kodi, faini, barabara, vyote vililetwa na mzungu mmoja mwenye jina, akisimama mbele yako na kofia yake. Kwa nini masomo yasiwe na wa kwake?

"Na kama hakupokea?" Papa akauliza.

"Mutoto anabaki hapa, anavua samaki," akajibu Tonton, na alisema kuvua samaki kama vile mtu anavyosema ukoma.

Papa akainama chini ya kitanda, akatoa kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na feza ya miaka mitatu, na ile ya kununua miti mipya ya mitego. Akampa shemeji yake kopo zima. Juma lile akanasa kapitene mmoja mkubwa, samaki wa bei kuliko wote, akakataa kuuza. Nilimkausha mimi, siku mbili juu ya moshi, macho yakinitoka machozi. Papa akamfunga ndani ya majani kwa kamba ya msituni, kwa fundo lake. Papa anatumia mkono wa kushoto, na fundo lake linageukia upande ambao hakuna mtu mwingine maporomokoni anayegeuzia. "Musyé Minerval akule muzuri," akasema, "asimusahau Basile."

Wakati wote huo Basile alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Samaki alipokwisha kupelekwa kwa Tonton, nikamkamata mtoni.

"Huyu Minerval, we unamujua?"

"Yaya," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi dada yake, "minerval haiko mutu. Ni jina ya feza ya masomo."

Nilikaa chini juu ya jiwe. "Na siku zote hizi ulinyamaza?"

"Ningesema namna gani? Mbele ya Papa? Tonton angepata haya." Akaniambia amekwenda kwa Tonton asubuhi, peke yake, kwa adabu, na Tonton amecheka. Amemwambia alijua tangu mwanzo, alisema hivyo ili wazee waelewe, na feza ataituma mwenyewe kwa mandat ya posta. "Imekwisha, Yaya. Usiambie Papa."

Nikanyamaza na mimi. Nimesema namdharau Hubert, lakini siku ile kulikuwa na wajinga wengine wawili pale mtoni, na mmoja ni mimi.

Sasa, Tonton hakutosheka tena na kadi. Kulikuwa na kitu kikubwa zaidi, kuandikishwa, kilichomfanya mtu mweusi ahesabiwe karibu na wazungu mbele ya sheria. Ili upate, wazungu walikuja nyumbani kwako kuangalia kama mke anakaa mezani, kama choo ni safi, kama mnakula kwa uma. Walikagua nyumba kama mtu anayenunua mbuzi, na watu wazima, wenye ndevu, walijipanga mlangoni wakaguliwe. Kwa Tonton walipanga kuja Jumamosi, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa kumi. Mke wake, Tante Micheline, akaniomba nije kupiga pasi mapazia. Basile aliitwa pia, avae suti, akae kitini na kuonyesha kwamba ukoo una watu wa Kilatini. Papa aliambiwa asije. Harufu ya samaki ingeharibu dossier, lile faili lake la maombi.

Niliingia sebuleni nikaona kabati. Jipya, la mbao nyekundu, vioo mbele, urefu wake umenipita. Ndani vikombe sita na sahani kumi na mbili ambazo hazijawahi kuona pondu, kisamvu chetu. Mshahara wa Tonton tuliujua mtaa mzima. Nilisimama na pasi mkononi, nikijiambia, Pélagie, usifikiri vibaya, labda amekopa.

Tante Micheline akanituma niweke vitambaa katika sehemu ya chini ya kabati. Nikafungua mlango, na harufu ikanijia usoni. Nilikuwa nimeilalia siku mbili harufu ile. Kapitene wetu alikuwa pale nyuma, ndani ya majani yake, fundo la Papa halijaguswa. Walikuwa wamemficha humo, wakingoja wageni waondoke ndipo wamle.

"Tante," nikasema, "hii samaki iko ya nani?"

Akatazama kando. "Tonton yako alisema Minerval hakupita."

"Na feza?"

Akatazama kabati. Gari likasimama nje.

Wazungu walikuwa watatu. Wakatembea, wakachungulia jikoni, wakahesabu vitanda. Tonton alitoa jasho ndani ya koti, akisema "en effet" na "précisément", yaani ndivyo hasa, hata pale alipoulizwa watoto wana umri gani. Mkubwa wao, mtu mnene mwenye miwani, alilisifu kabati. Tonton akasema ni la siku nyingi, la urithi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni na hasira yangu, na sikujua nianzie wapi.

Papa akanianzia. Aliingia kwa mlango wa mbele, miguu mitupu, shati lake la kanisani, na kapitene mwingine begani. Alikuwa amehesabu siku. Tarehe kumi na tano imekaribia, jibu halijaja, na amesikia wazungu wakubwa wako kwa shemeji. Akavua kofia, akamwendea yule mnene.

"Jambo Bwana. Unisamehe. Nilitaka kuuliza tu, Musyé Minerval iko muzima? Alipata samaki yangu?"

Yule mzungu alijua Kiswahili chetu. "Minerval nani?"

"Ule wa université. Mwenye anapokea batoto."

Mzungu akawatazama wenzake, halafu akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. "Papa," akasema, "Minerval haiko mutu. Ni feza. Feza ya masomo, basi. Nani alikudanganya?"

Papa aligeuka polepole kumtazama Tonton, na Tonton akatazama dari, kana kwamba dari nayo ina dossier.

Hapo miguu yangu ikajipeleka yenyewe. Nikafungua mlango wa chini wa kabati, wazi kabisa, nikamtoa kapitene, nikamweka juu ya kitambaa cheupe mezani katikati ya uma.

"Papa," nikasema, "samaki ya Minerval ni hii. Na Minerval mwenyewe amesimama pale ukutani. Ana vioo na vikombe sita."

Papa akaligusa fundo lake kwa kidole. Akatazama kabati, juu mpaka chini. Nilingoja amshike Hubert shati, nilitamani amshike. Lakini alimgeukia Basile, ambaye alikuwa amekaa na suti yake palepale alipowekwa.

"Basile, we ulijua?"

"Nilijua, Papa."

"Tangu siku ya barua?"

"Ndiyo, Papa."

"Nimelipa masomo miaka kumi na mbili," Papa akasema, "juu ujue bitu mi sijui. Na siku moja tu nilikuwa na lazima na ile masomo, ukanyamaza."

Akavaa kofia, akatoka. Samaki wa pili alimsahau begani mpaka nyumbani.

Kabati tulilirudisha Jumatatu kwa mwenye duka, Tonton akilisukuma juu ya mkokoteni kwa mikono yake mwenyewe, maana nilimwambia asipolisukuma nitakwenda kusimulia mlangoni mwa kampuni yake. Mwenye duka alitoa nusu, naye alitungojesha mpaka Jumatano. Nusu nyingine niliitoa katika biashara yangu ya samaki. Mandat ikaondoka tarehe kumi na saba. Mwezi wa kumi na moja jibu lilikuja pamoja na feza yetu: tarehe imepita, nafasi amepewa mwingine, anaweza kuomba tena mwakani. Barua ya adabu sana.

Basile alikaa mwaka mzima akibeba miti ya mitego na Papa, mikono ya Kilatini ikatoka malengelenge. Papa hakumgombeza, ila hakumuuliza kitu chochote, hata saa. Na Tonton? Tonton alipewa. Wazungu walimwandikisha, kabati likiwa limeshaandikwa kwenye karatasi zao. Nilipopata habari hiyo nilitema mate nje, na Tante Micheline aliniona.

Mwaka uliofuata barua ikaja tena, kurasa tatu. Jioni Tonton akaja na kitabu chake kipya cha kuandikishwa mfukoni. Hana haya yule mtu. Akatandaza leso juu ya kiti, akakaa, akanyoosha mkono. Na Basile, mbele ya macho yangu, akasimama, akainama, akaitoa barua kwa mikono miwili.

Niliichukua kabla haijamfikia Tonton. Kifaransa nilichopewa na masista ni cha sindano na uzi, na mistari ile ilikuwa mingi. Nikapitisha kidole, mstari baada ya mstari, ukurasa wa kwanza, wa pili, wote wakiningoja. Neno nililolitafuta nilikuwa nimelijifunza herufi kwa herufi kwenye risiti ya mandat. Nikalikuta. Nikamrudishia Basile barua, kidole changu kikiwa juu ya neno lile.

"Soma hapa," nikasema. "Kwa nguvu. Franka ngapi na tarehe gani."

Basile akanitazama, akamtazama Papa. Akaanza kusoma.

"En principe," Tonton akasema, akijisogeza kitini, "hapa inapaswa kuelewa kama..."

"Shemeji, ngoja," Papa akasema. "Mutoto anasoma."

Tonton akaanza kukunja leso yake.