Mnyonyaji wa Begi Jeusi

Mwaka wa uhuru mume wangu Mbaruku aliandika vitabu vitatu vya Kachero Nyundo, hapa hapa Korogwe. Adui katika vyote alikuwa Begi Jeusi, mwizi wa magari anayechechemea. Mtu huyo hakumtunga. Alimchukua mzima mzima kutoka kwa rafiki yake Gregori, Mnyamwezi aliyezaliwa kambi ya mkonge, dresa wa zahanati mwenye mguu mmoja mfupi na begi jeusi la dawa. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na utani hauna kesi. Gregori mwenyewe alifurahi kupita kiasi. Kila kijiji alichoingia na baiskeli yake alitangaza, "Fungeni magari yenu, Begi Jeusi nimefika!" Watu wasio na hata toroli wakacheka mpaka machozi.

Vitabu vikaisha madukani, vikasahaulika. Mwaka sabini na nne mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam akataka kuvitoa upya, ila kwa sharti. Nchi imebadilika, alisema, mwizi wa magari hana siasa. Adui sasa awe mnyonyaji.

Mbaruku akakaa na kalamu nyekundu. Palipoandikwa mwizi, akaandika mnyonyaji. Palipoandikwa aliiba, akaandika aliwanyonya wanyonge. Kazi ya kivivu, nasema wazi, maana mguu hakuugusa wala begi.

"Kwetu Mazingara," nikamwambia, "ukisema mnyonyaji, mtu anaona mumiani, yule wa kunyonya watu damu. Mwondolee Gregori lile begi."

"Mama Kudra, siasa wameisikia redioni miaka yote hii. Na begi ndilo wasomaji wanalolikumbuka."

"Wameisikia. Nani aliyewafafanulia?"

Akacheka. Nilikasirika, na hasira ile ninayo hadi leo.

Kitabu cha kwanza kikatoka, begi jeusi limechorwa kwenye jalada. Wakati huo watu wa Mazingara walikuwa wametoka kuhamishwa mashambani kwao, wamepangwa mistari katika nyumba zisizoezekwa, watoto wanakufa kwa homa, na kila mtu anamtazama kwa jicho baya jirani asiyemjua. Kwenye darasa la kisomo cha watu wazima walisomeana Kachero Nyundo kwa sauti.

Gregori akatumwa huko kupima malaria. Kitabu kipya hakuwa amekisoma. Mbaruku alimwambia tu kwamba bado yumo, naye akafurahi kama zamani. Alipofika aliegemeza baiskeli, akafungua begi, akatoa sindano na vioo vya kuwekea damu. Kisha akawatania kama alivyozoea.

"Msikimbie! Begi Jeusi wa kitabuni ndiye mimi!"

Hakuna aliyecheka. Mjomba wangu alikuwapo, anasema yowe la kwanza lilitoka kwa mwanamke aliyekuwa amezika mtoto juzi yake. Gregori akadhani naye anatania, akatabasamu. Wakampiga kwa mipini ya majembe mpaka akanyamaza.

Tulimzika Mkumbara, kwao mkewe, Justa. Kwetu mtani ana kazi yake msibani. Huzuia jeneza, hulala kaburini, humsema marehemu vibaya mpaka wafiwa wacheke kidogo, wapate kupumua. Mtani wa Gregori alikuwa Mbaruku. Jeneza likatuliwa, wachimba kaburi wakaegemea makoleo yao, watu wote wakamsubiri yeye.

Justa hakupaza sauti. "Sema basi, mtani. Mwenye maneno si wewe?"

Mbaruku akavua viatu, akashuka kaburini, akalala chali na kufumba macho. Watu wakaangua kicheko, wakidhani utani umeanza. Hata Justa akatabasamu. Kisha wakamwambia inatosha, atoke, mwenye nyumba anangoja.

Hakutoka. Nikainama ukingoni nikamwita, na pale nikaona udongo ulikuwa ukimwangukia usoni naye anapumua tu, haupangusi.