Mgonjwa Aitwaye Kochi

Fundi makochi mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Sponji, alikuwa na mke aliyeitwa Bibie hata na watu waliomzidi umri. Bibie aliugua saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, kisha akaanza kwenda wodi ya dripu, kule watu wanakoingiziwa dawa mshipani tangu asubuhi mpaka jua lichoke. Nywele zikanyonyoka, kucha zikawa nyeusi, chakula kikawa na ladha ya msumari. Lakini siku ya dripu ya mwisho alirudi nyumbani kwa miguu yake, akaketi mezani, akasema:

"Wale wauguzi lazima tuwashukuru."

Wifi yake, dada wa Sponji, mwanamke mwenye mabega ya kubeba kabati peke yake, alikuwa na jibu mdomoni. "Keki. Kubwa. Juu yake tunachapisha sura zao."

"Ili wale nyuso zao wenyewe?" akauliza Bibie.

"Basi kalenda," akasema Sponji. "Yenye picha yako."

"Wameniangalia miezi yote hii, hawajachoka tu? Sasa niwatundikie ukutani waendelee?" Bibie akasukuma kikombe pembeni. "Ninyi mnafikiria zawadi, hamfikirii watu. Yule Sista Mrefu sijawahi kumwona amekaa. Anakula amesimama, mgongo kwenye friji ya dawa. Mshipa wangu ukijificha anapiga magoti sakafuni, anaubembeleza: njoo mama, njoo, usiogope. Halafu anainuka mkono kiunoni. Viti vyote mle ni vya wagonjwa. Mimi nataka wakae."

Sponji alitoka akaenda karakana, na kwa wiki mbili ilisikika nyundo tu. Alichokitengeneza kilikuwa kochi la watu watatu wanene au wanne wa kawaida, rangi ya bilinganya, kiti chake kimeinuliwa ili mtu mwenye kiuno kibovu ainuke bila kushika magoti. Alilivika ngozi ya plastiki inayofutika kwa dawa ya hospitali, maana Bibie alimwambia vijidudu kule vinaogopwa kuliko wezi. Lilipokamilika alilikalia, akalia kidogo, akafuta machozi, akafuta na kochi.

Wakalipeleka kwa mkokoteni. Getini mlinzi akanyoosha fimbo.

"Hilo ni nini?"

"Zawadi ya wauguzi," akasema Sponji.

"Zawadi za samani zinapitia kwa Katibu wa hospitali, na Katibu yuko safarini. Hapa anapita mfanyakazi, mgonjwa, au aliyekuja kumwona mgonjwa. Huyu ni yupi kati ya hao?"

Jua lilikuwa kali, na kitambaa cha kichwani kilikuwa kinamwasha Bibie. Akasema lililomjia kwanza: "Mgonjwa."

Mlinzi aliliangalia kochi kwa muda. Akaangalia kanuni zilizobandikwa ukutani, akazisoma hadi mwisho. Hazikukataza.

"Kadi dirisha la kushoto," akasema, akawafungulia.

Karani wa dirisha la kadi alikuwa mtu asiyeinua macho. "Jina la mgonjwa?"

"Kochi," akasema Bibie.

"La baba?"

"Sponji."

"Umri?"

"Limemaliza wiki mbili jana," akajibu Sponji, ambaye hakuwahi kusema uongo katika biashara.

Karani akasimamisha kalamu. "Limemaliza? Mzee, mtoto mchanga unamwita 'li'? Hata kama kazaliwa na kasoro, ni kiumbe."

"Samahani. Amemaliza."

"Ananyonya?"

"Hanyonyi," akasema Bibie.

"Analia?"

"Ukimkalia upande wa kulia, kidogo," akasema Sponji.

"Msimkalie!" Karani alitikisa kichwa kwa uchungu, akagonga muhuri. "Jamani, wazazi wengine! Mpelekeni foleni ya daktari, haraka."

Foleni ilikuwa ndefu na benchi lilikuwa moja. Wakaliweka kochi mwishoni, na wifi mtu akasimama kando yake kama mama mzazi. Mzee mmoja mwenye bakora, aliyekuwa mbele yao, akageuka.

"Hili nalo linasubiri?"

"Ana kadi," akasema wifi mtu, akaionyesha.

Mzee aliisoma kwa kuisogeza mbali na macho. Kadi haikuwa na kosa. Akashusha pumzi. "Basi na mimi nimsaidie kusubiri," akasema, akakaa. Alizama, akarudi juu polepole, akabaki katikati. Uso wake ukabadilika. "Huyu mtoto," akasema, "ana roho nzuri." Akalala palepale.

Haukupita muda wakawa wamekaa wanne, na mama mmoja kwenye mkono wa kochi. Kila foleni iliposogea, waliokuwa wamesimama waliwasukuma waliokaa, na hakuna aliyelalamika. Muuza maji alitaka kupita mbele, wote wakamkemea kwa sauti moja: "Kuna mgonjwa hapa!"

"Kochi Sponji!" likaitwa jina.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu, yaliyokuwa yameshaona mengi siku hiyo. Alipoona kinachoingizwa mlangoni alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kochi halikuondoka.

"Anasumbuliwa na nini?" akauliza hatimaye.

"Hasumbuliwi na kitu, daktari," akasema Bibie. "Anataka kulazwa tu. Chumba cha wauguzi."

Daktari aliinuka kwenye kiti chake cha mbao. Akambonyeza mgonjwa, mkono ukazama, akauondoa, pakajaa. Akapima tena mahali pengine. "Hana uvimbe," akasema. "Anarudi vizuri." Akamkalia, kwa uchunguzi. Akakaa muda ambao hakuna mgonjwa mwingine aliyewahi kupewa na daktari yule. Alipoamka aliandika kwenye kadi: *Alazwe. Apatiwe watu wa kukaa naye.* Akasaini.

Basi wakafika wodi ya dripu. Sista Mrefu alikuwa mlangoni na trei mkononi, na alipomwona Bibie akafurahi, na alipoliona kochi furaha ikasimama.

"Bibie, hapana. Haturuhusiwi kupokea zawadi. Hata soda ya yule mgonjwa wa kona nilimrudishia."

"Nani kasema zawadi? Soma kadi."

Sista akasoma. Akaigeuza, akasoma na nyuma. Alikuwa mtu wa kazi aliyeapa kutomrudisha mgonjwa, na saini ya daktari ni saini ya daktari. "Wenzangu," akaita ndani, "tuna mgonjwa mpya."

Wauguzi wawili wakatoka. Wakaangaliana. Mmoja akafungua mlango wa chumba chao, na ndani palikuwa na friji, sinki, na ndoano tatu za kutundikia makoti. Kochi likaingia kama lililopimiwa pale. Muuguzi mdogo akamfuta mgonjwa kwa dawa kuanzia kichwani hadi miguuni, akaandika saa kwenye chati.

"Imeandikwa apatiwe watu wa kukaa naye," akasema.

"Nimeona," akasema Sista Mrefu.

"Sasa nani anakaa naye?"

Hakuna aliyesogea. Bibie alisema baadaye kuwa walisimama kama watu wanaoambiwa waingie baharini na nguo. Ndipo Sista Mrefu akaweka trei juu ya friji, akanyoosha sketi, akakaa ukingoni kabisa, mgongo wima, mikono magotini. Kisha akasogea nyuma kidogo. Kisha akaegemea.

"Ooo," akasema.

"Nini, Sista?"

"Nyamaza. Namhudumia mgonjwa."

Akafumba macho. Chozi moja likamtoka, na wale wenzake wakaangua kicheko, naye akacheka akiwa amefumba vilevile. Bibie alitamani kusema maneno aliyoyatayarisha tangu dripu ya mwisho, kuhusu mshipa, na subira, na jinsi walivyomshikia beseni bila kugeuza uso. Alipofungua mdomo hakuna lililotoka ila, "Asanteni, jamani." Akaona limetosha.

Katibu aliporudi safari alikasirika. Akaandika kwamba mgonjwa Kochi hana maendeleo yoyote, aruhusiwe kwenda nyumbani. Wauguzi wakajibu kwamba hawezi kutembea. Katibu akaja mwenyewe kumwona. Alikaa naye mpaka chai ikapoa, na suala hilo hakulirudia.

Bibie vipimo vyake vilitoka vizuri. Alibaki anakuja kila baada ya miezi michache kupimwa, na mlinzi alizoea kumwita Mama Kochi. Siku moja wauguzi wakamwita Sponji kwa simu, wakamwambia aje haraka, mwanawe kapasuka mshono. Alikuja na sindano yake ndefu na uzi wa nailoni. Sista Mrefu akamwamuru anawe mikono hadi kwenye viwiko, akanawa. Mlango ukafungwa.

Bibie akasubiri nje, kwenye benchi, pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine. Mama mmoja aliyekuwa na chupa ya uji mapajani akamsogezea nafasi.

"Una mgonjwa ndani?"

"Ndiyo. Anashonwa."

"Mtoto wako?"

Bibie akafikiri. "Kwa baba yake zaidi," akasema.

"Pole. Amelazwa siku nyingi?"

"Sasa ni mwaka wa pili."

"Masikini! Na hali yake?"

"Haamki," akasema Bibie, "ila kila anayekaa naye anatoka ana nafuu."

Yule mama akatikisa kichwa taratibu, akamshika mkono. "Wako watoto wa namna hiyo," akasema. "Mungu huwaleta wachache." Akafungua chupa, akammiminia uji.