Kiti cha Kishindo

Ukumbi wa muziki wa mjini ulijengwa kwa ajili ya fidla, na mgeni asiyejua hilo angeambiwa na viti. Vilikuwa viti vya mbao nyeusi, vyote vya kimo kimoja, vya kukaliwa na mtu aliyenyoosha mgongo na kushika upinde. Mwanamke aliyevipanga jukwaani aliitwa Mama Viti, na hakuna aliyekumbuka kumwita vinginevyo. Alivaa aproni yenye mfuko mkubwa, na mfukoni hakukosa vipande vya boksi vilivyokunjwa, vya kupachika chini ya mguu wa kiti chochote kinachoyumba. Kiti kikigonga katikati ya wimbo wa polepole, kosa lilikuwa lake.

Historia ya ukumbi aliijua kwa jinsi watu walivyokaa. Wa fidla walitaka nusu duara. Baadaye, wakubwa wa ukumbi walipochoka kubishana, wakaruhusiwa wanakwaya, ambao hawataki viti ila wanataka pa kuegemea. Wakaja wapiga tarumbeta, hao wanahitaji nafasi mbele ya magoti ya kumwagia mate, na usipowapa watayamwaga kwenye viatu vya jirani. Akaja bibi mmoja wa filimbi aliyekitazama kiti kama mtu anayetazama deni la mwenzake, kisha akakaa sakafuni. Kila kundi liliingia kwa kukubaliwa shingo upande, na mwaka uliofuata wakubwa walewale walilisifu utadhani wamelizaa wao.

Ngoma tu ndizo zilizobaki nje. Sheria ilisema mtikisiko wake utapasua lipu ya dari, na kwenye dari kulikuwa na malaika wa kuchorwa. Mama Viti, ambaye alikuwa akiwatazama malaika hao kila siku, aliona wamekwisha kupasuka zamani bila msaada wa mtu. Lakini nani alimuuliza?

Mume wake alikuwa mpiga ngoma. Watu walimwita Kishindo, kwa sababu hata akiweka kikombe mezani jirani alijua. Kila mwaka Kishindo na bendi yake waliomba kupiga ukumbini, na kila mwaka walijibiwa kwa adabu kubwa. Yeye alipiga kwenye mabaa na harusini jioni zilezile mke wake alipokuwa kazini, kwa hiyo katika ndoa yao yote Mama Viti hakuwahi kumwona mumewe jukwaani. Alipanga viti vya wageni kutoka kila pembe, ila cha mumewe hakuwahi kukipanga.

Kisha akaja meneja mpya, kijana mpole mwenye tai za maua, akaifuta sheria ya ngoma. Kwa sherehe za kuadhimisha kujengwa kwa ukumbi akaandaa onyesho lililoitwa Sauti Zote, na bendi ya Kishindo ikawekwa ya mwisho, pale panapowekwa wakubwa. Kishindo alipopata habari alicheza jikoni akiwa na taulo kiunoni.

Alikufa wiki chache kabla ya siku yenyewe. Aliingia kuoga, akakawia kutoka, na mke wake alipogonga mlango maji yalikuwa bado yanamwagika. Daktari akasema ni moyo.

Tangu hapo Mama Viti alikuwa amekufa ganzi. Hakulia bafuni, hakulia mazishini, hakulia watu walipoondoka na vyombo vyao. Alikula alichopewa, na kama kilikuwa na chumvi au hakina hakujua. Alirudi kazini mapema, akapanga viti, akarudi nyumbani, akalala upande wake wa kitanda. Wifi yake, dada wa Kishindo, alivumilia mpaka ikamshinda.

"Wifi," alimwambia, "mimi sikuhukumu. Lakini watu wanasema. Hujatoa hata chozi moja."

"Ni kweli," alijibu Mama Viti. "Sijatoa."

"Basi tuseme ulikuwa humpendi?"

Mama Viti alifikiri. Alijua alimpenda, kama mtu anavyojua ana ufunguo mkobani, ila kila akitia mkono haupati. Hilo ndilo lililomtisha. Watu kusema si kitu. Aliogopa kwamba hali itabaki hivyohivyo, na atazeeka akimkumbuka mumewe kama anavyokumbuka mpangaji aliyehama.

Bendi haikujitoa. Mdogo wake Kishindo, fundi saa kwa kazi yake, mtu wa taratibu anayevua viatu hata kwenye nyumba zisizo na mkeka, alikubali kuipiga ngoma ya kaka yake. Siku moja kabla ya onyesho alikuja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kochi.

"Shemeji, ngoma ninayo," alisema. "Tatizo ni kiti. Viti vya ukumbini ni virefu, magoti yangu yanafika mdomoni mwa ngoma. Nilikuwa nauliza, kama hutajali, kile chake."

Kile chake kilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Zamani kilikuwa sehemu ya seti ya viti vya meza ya chakula ambayo mjomba wa Mama Viti aliwapa siku ya harusi. Mwaka wa kwanza wa ndoa, bibi akiwa kazini, bwana alichukua msumeno akakikata miguu, kwa kuwa ngoma yake, fupi na nene, aliyorithi kwa baba yake, ilitaka mpigaji akae chini. Tena alikata kwa kukisia. Mguu mmoja ukawa mfupi kuliko mingine, na kiti kikawa kinayumba, tok, tok, kila alipojitikisa. Mama Viti alimnunia mpaka majirani wakaja kusuluhisha.

Halafu mambo yakawa mazoea. Kishindo akifanya mazoezi jikoni, kiti kilikwenda naye, tok, tok, chini ya mlio wa ngoma. Mama Viti akaweka kipande cha boksi chini ya mguu mfupi. Kishindo akakitoa. Akaweka kingine, kikatolewa. Waliishi hivyo, mmoja anapachika, mwingine anachomoa, na wala hawakulizungumzia tena.

"Kichukue," alisema Mama Viti. Na wakati shemeji yake akikifuta vumbi, ilimjia fikra moja, ya kwanza yenye uzito tangu siku ile ya bafuni. Atakisikia kile kiti. Safari hii si jikoni: chini ya malaika, pamoja na ngoma na bendi nzima, pale mumewe alipotaka kufika. Akikisikia, labda kitu kitafunguka ndani yake. Kama hakitafunguka hata hapo, basi tena.

Mchana wa onyesho kulikuwa na mazoezi. Mama Viti alikiweka kiti kifupi katikati ya vile virefu, na wapiga fidla wakakichekea kidogo, bila ubaya. Shemeji yake akakaa, akasogea apate nafasi ya ngoma, na kiti kikagonga kwenye mbao za jukwaa. Ukumbi ule ulijengwa ili hata pumzi isikike mpaka viti vya nyuma. Mlio huo ulisikika kila mahali.

Meneja akaja mbio, tai begani. "Samahani sana, Mama Viti. Najua ni cha marehemu. Lakini tunarekodi. Huwezi kukiwekea kile kiboksi chako?"

Wote walimtazama. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni, kwa mazoea tu. Aliutoa mtupu.

"Kiache," alisema.

"Ni kitu kidogo tu, mama, hata hakitaonekana."

"Nimesema kiache kama kilivyo."

Hakuwahi kumkatalia meneja yeyote, wala huyu, wala wa kabla yake waliokuwa wakali. Kijana akamtazama shemeji, shemeji akatazama viatu vyake. Mama Viti hakueleza sababu. Alidhani kila mtu ameielewa, na isitoshe hakuwa na maneno ya kuieleza. Akaenda kupanga vibao vya noti.

Jioni watu walijaa. Wakaanza wa fidla, kama kawaida yao ya kutangulia. Wakapita wanakwaya, wakapita watu wa tarumbeta na mate yao, na bibi wa filimbi akakaa sakafuni kwa fahari zake, akashangiliwa. Mama Viti aliingia na kutoka akibadilisha viti, haonekani, kama ilivyotakiwa. Bendi ya mwisho ilipoanza alisimama nyuma ya pazia la pembeni, hatua chache tu kutoka kwenye kile kiti, akatega sikio.

Gitaa likaanza. Ngoma ikaingia, nzito na tamu, na lipu ya dari haikuanguka. Mama Viti alisubiri. Aliipita sauti ya gitaa, akaipita ya mwimbaji, akashuka chini ya ngoma, pale alipopajua kwa miaka yote ya jikoni. Hapakuwa na kitu. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza, ule ambao Kishindo aliupiga akijirusha kama mtu aliyepanda punda, na Mama Viti akashika pazia kwa mikono miwili. Ngoma tu. Huko chini kulikuwa kimya.

Watu walisimama kupiga makofi, na meneja alikuwa anafuta machozi kwa tai. Shemeji akatoka jukwaani, jasho likimtiririka, ngoma kwapani na kiti mkononi. Akakitua mbele ya Mama Viti taratibu, kama anavyoweka saa ya mteja.

"Shemeji, umesikia?" aliuliza, uso umemng'aa. "Hakijagonga hata mara moja. Nimekaza miguu toka mwanzo mpaka mwisho, mapaja yanawaka moto. Nilijua hutaki kiguswe, na sikutaka kikuaibishe mbele za watu."

"Nimesikia," alisema Mama Viti.

Alitaka kumwambia ahsante, maana kijana wa watu alikuwa amejitesa kwa ajili yake. Badala yake akakaa kwenye kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni kiti kile. Alikuwa hajawahi kukikalia. Kishindo amekufa, alijiambia, na hakuna mtu mwingine wa kukigongesha. Mabega ndiyo yaliyoanza, macho yakafuata, kisha mwili mzima ukatetemeka kwa kilio ambacho hakuweza kukizuia wala hakujaribu.

Na kiti kikaanza. Tok, tok, tok, kwenye mbao za ukumbi.

Shemeji yake alichanganyikiwa. Akachuchumaa haraka, akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kipande cha boksi na kuinama apachike chini ya mguu mfupi. Mama Viti akamshika mkono.

"Kiache," alisema. "Nataka kusikia."